Mwajuma Alimwokoa Yasmin au Alimharibu?

Kama uko hapa Sumbawanga, Katandala, Izia au kule Chanji, na upepo wa Julai unapita chini ya mlango, sogea karibu na jiko. Kama uko bondeni, Muze au Mtowisa, ambako joto halina habari na majira yetu ya huku juu, basi toa kiti nje usikilize ukipunga hewa. Leo nina kesi ya mtu mmoja, nanyi ndio baraza. Naomba tu asitokee mtu wa kutoa hukumu kabla ushahidi haujaisha.

Mshitakiwa anaitwa Mwajuma. Walio kidato cha tano na cha sita, pale Kantalamba na kwingineko, wanamfahamu, kwa sababu riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi imepita mikononi mwa wanafunzi wengi tangu Mkuki na Nyota walipoichapa mwaka 1999. Ambaye hajaisoma asiondoke. Nitampa kiasi cha kumtosha, mengine atayatafuta mwenyewe kitabuni.

Tuko Unguja ya wakati wa Mwingereza. Kuna msichana wa Kihindi, Yasmin, umri wake miaka 15, mzuri wa kupindukia. Wazee wake wanamwoza kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Msikilizaji usiniambie hayo ni ya kale. Sheria yetu wenyewe ya Ndoa, ya mwaka 1971, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Kwa hiyo mtoto kama Yasmin hakuwa mbali na mitaa yetu kihivyo.

Turudi. Biashara ya Raza inazorota, mume na mke wanahamia Mombasa. Huko Yasmin anachoka. Anamwacha mzee na duka lake, anapanda meli kurudi Unguja. Anategemea kwao watamlalamikia kidogo kisha watampokea, kama inavyokuwa mara nyingi. Hawampokei. Mjomba wake anamfukuza kabisa, kwa sababu mwanamke aliyemkimbia mume ameshaivunja heshima ya ukoo. Mtoto huyu, maana bado ni mtoto, anabaki njiani na nguo zake. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba ana rafiki Ng'ambo, upande wa wanyonge, mwanamke Mwafrika ambaye jamaa zake wasingependa hata kidogo aonekane naye.

Mwajuma anampokea. Hana nyumba ya maana, ana kibanda. Hana akiba. Hamwulizi kwanza umefanya nini, wala nani atakulipia. Anampa mahali pa kulala na anamgawia kilichopo. Na mpaka hapo wote tunampenda Mwajuma.

Sasa mambo yanaanza kuwa magumu. Mwajuma huyohuyo anamtoa Yasmin usiku. Anampeleka kwenye dansi. Anamzoesha watu wa Ng'ambo, vicheko vyao, ulevi wao. Msichana aliyelelewa nyuma ya duka anajifunza kunywa pombe, anajifunza kukaa na wanaume wasio wa ukoo wake, na ni kupitia mazingira hayo anapokutana na Denge, kijana msomi anayewindwa na polisi kwa sababu ya harakati za kuutaka uhuru. Maisha ya Yasmin yanageuka, na mkono uliomfungulia njia ni wa Mwajuma.

Kwa hiyo, alimwokoa au alimharibu?

Nimelisikia swali hili likizua ugomvi mkubwa kila nikikaa na vijana wanaojiandaa na mtihani. Wasichana wengi humtetea. Wavulana wengi, sijui kwa nini, humshambulia. Halafu anatokea mmoja mwenye madesa mkononi, yale majibu ya mtihani yanayouzwa stendi, anasoma kwa sauti ya hakimu: Mwajuma ni mhusika mwenye huruma, ana upendo wa dhati, ni mfano wa kuigwa. Desa jingine, lililotoka stendi hiyohiyo, linasema Mwajuma ni mlevi, mhuni, anawakilisha wanawake walioporomoka kimaadili. Na kila upande unaandika kwenye daftari lake, kwa sababu mtihani utauliza nafasi ya mhusika katika jamii, na jibu linatakiwa liwe na hoja zinazohesabika.

Mimi ugomvi wangu ni na hayo madesa. Yanatufundisha kuchambua watu wa hadithini kama tunavyochambua maharage sokoni, mazima huku, yaliyotobolewa kule. Shafi hakuandika hivyo. Angetaka tumpende tu Mwajuma, angemfanya mama wa swala tano, aliyempokea yatima akamfundisha kushona. Angetaka tumchukie, angemfanya amuuze. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alimwonyesha akitenda na akisema, mahubiri akayaacha, kisha akatuachia kazi. Ile sintofahamu tunayoisikia juu ya Mwajuma imewekwa kwa makusudi. Msomaji anayeharakisha kuifuta anajipunja.

Hebu tumlete shahidi wa pili, maana kesi ya Mwajuma haieleweki vizuri bila yeye. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed, naye mtu wa Zanzibar, alitoa Utengano. Humo kuna Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, mzee mwenye mali na jina, anayemfungia mtoto wake ndani asione jua la watu. Maimuna naye anatoroka. Naye anaishia mikononi mwa mwanamke anayempokea, Mama Jeni. Ukiwasimamisha Mwajuma na Mama Jeni pamoja, kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Wote wawili wanampokea msichana ambaye kwao kumemshinda. Wote wanaishi upande wa mji ambao waheshimiwa huupita haraka mchana na kuutembelea usiku. Wote wana pombe na muziki jirani.

Lakini Mama Jeni ana danguro. Anapompokea Maimuna, amepokea mgeni na amepokea pia mtaji. Chakula anachompa kina hesabu yake mahali fulani, hata kama haijatajwa siku ile. Mwajuma hana daftari la namna hiyo. Yasmin akila kwake, chakula kimepungua, basi. Hakuna mtu anayekuja kumlipa Mwajuma kwa sababu Yasmin yuko chumbani mwake. Tofauti hii haionekani kwenye tabia za juujuu, maana kwa tabia za juujuu wote wawili ni wanawake wa mtaa wanaocheka kwa sauti. Inaonekana ukijiuliza swali moja la kijinga kabisa: msichana huyu akiamka kesho akasema nakwenda zangu, nini kitatokea?

Kwa Mwajuma, nadhani jibu ni kwamba Mwajuma atalia kidogo, atamfungia nguo zake, atamsindikiza. Na kweli, riwaya inamwacha Yasmin aingie na kutoka, apende, aondoke, arudi, na urafiki wao haukatiki. Kwa Mama Jeni, anayetaka kuondoka ni hasara ya biashara.

Sisi wa Ufipa hatupaswi kuwa wageni wa swali hili la mpokezi na mpokewa. Nchi yetu yenyewe inasimulia asili yake kwa hadithi ya namna hiyo. Ntatakwa, mtemi wa Milansi chini ya mlima Itwelele, alikuwa mawindoni. Wakafika wanawake wageni, Watwachi, wametoka safari. Aliporudi, enzi ilikuwa imebadili mikono. Yeye akabakiwa na Milansi na heshima ya mambo ya kimila, wageni wakawa watawala, na kutoka kwao tukapata baadaye tawala mbili za Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, yule Mwingereza aliyekaa na wazee wetu miaka ya sitini akiandika masimulizi yao, aliifanya hadithi hiyo kuwa kitovu cha kitabu chake cha mwaka 1981. Mimi kinachonivutia ni kwamba imesimuliwa miaka yote hiyo, na bado watu wanaweza kukaa kwenye pombe ya komoni wakabishana: wale wanawake walikuja kuomba hifadhi au walikuja kunyang'anya? Hakuna aliyeona lazima aimalize hadithi kwa kuweka jibu mwishoni. Wazee walijua kuliacha swali lichemke. Ni sisi tuliopita shule ndio tunaotaka jibu la hoja sita.

Sasa naona kuna mwalimu wa nidhamu ananisikiliza huko aliko, na ameshika kichwa. Anasema, wewe bwana wa redio, unatuambia mlezi mzuri ni yule anayeacha mlango wazi. Mimi nina watoto mia kadhaa bwenini. Nikiacha mlango wazi, saa nne ya usiku nitakuta nusu yao wako mjini.

Hoja yake ni nzito na siwezi kuipita juu. Yasmin alikuwa na miaka 15 alipoozwa. Mtu mzima anayemwacha mtoto wa umri huo anywe pombe, eti kwa sababu yuko huru, amemheshimu au amemtelekeza? Kuna uhuru ambao ni jina jingine la kutojali. Mzazi asiyeuliza umetoka wapi anaweza kuwa anakuamini, na anaweza kuwa hana habari nawe. Kwa nje ni kitu kilekile. Hapo ndipo Mwajuma anaponishinda mimi mwenyewe, na sioni aibu kusema hapa hewani kwamba sijui nimweke wapi. Naona anampenda Yasmin. Naona pia kwamba hajui kumlinda, kwa sababu yeye naye hakuna aliyewahi kumlinda, na anampa rafiki yake kile tu alichonacho, ambacho ni Ng'ambo yenyewe, pamoja na furaha yake na hatari yake. Mwajuma si bibi wa miaka 60. Ni mwanamke kijana. Tunamdai ulezi wa mama wakati yeye alijitolea kuwa shoga tu.

Na hili la umri mara nyingi tunalisahau tunaposoma. Katika maisha, anayemwokota kijana aliyekwama mara nyingi si mzee mwenye busara kama wa kwenye picha. Ni kijana mwenzake aliyemtangulia miaka mitatu minne, amejua kupanga chumba, amejua kupata kibarua, na naye bado anahangaika. Hekima yake haijatosha. Huruma yake inatosha. Vijana wa bondeni waliopanda huku juu kusoma, wakapanga gheto Mazwi au Kizwite, wanamjua mtu huyo. Ndiye aliyewaonyesha duka linalokopesha mchele. Ndiye pia aliyewaonyesha baa.

Lakini mwalimu wangu wa nidhamu asifurahi mapema. Fasihi yetu ina ushahidi wa upande wa pili, wa mlango uliofungwa kwa kufuli mbili, na ushahidi huo ni mbaya zaidi.

Mwaka uleule wa 1971 ilipotoka Sheria ya Ndoa, Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Alikuwa na miaka 27, mtoto wa Namagondo kisiwani Ukerewe, aliyepitia seminari ya Nyegezi kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilizua kelele, kikaondolewa shuleni, na baadaye sana kikarudishwa, na vijana wakakifanyia mtihani. Zakaria, baba yake Rosa, anagundua kwamba binti yake amepata barua ya kijana, Charles. Anampiga kipigo cha kinyama na kumwaibisha mbele ya watu. Hayo anayaita malezi. Mtu huyohuyo ni mlevi anayekunywa hela za nyumba. Rosa anakwenda sekondari Mwanza, Rosary, akiwa na hofu ya wanaume iliyoingizwa mwilini kwa fimbo, bila neno hata moja la kumsaidia kujua mtu mwema ni yupi na mbaya ni yupi. Anapotokea Deogratias, mtu mzima mwenye cheo, Rosa hana kipimo. Alichofundishwa ni kuogopa, na hofu ikishapita hakuna kitu kilichobaki nyuma yake.

Halafu anafika chuo cha ualimu Morogoro, na hapo tunakutana na mshitakiwa mwingine wa leo, Thomas, mkuu wa chuo. Huyu kwa karatasi ndiye mlezi halisi. Amewekwa na Serikali, amekabidhiwa mabinti wa watu. Ukimlinganisha na Mwajuma kwa barua ya utambulisho, Mwajuma hana hata pa kuanzia. Na Thomas ndiye anayeingia katika mapenzi na mwanafunzi wake.

Nawajua wasomaji watakaosema: lakini Rosa ndiye aliyemtawala Thomas. Soma vizuri, binti alishageuka, alikuwa anajua anachofanya, mkuu wa watu akabaki kama kondoo. Ndiyo, riwaya inatuonyesha mtu mzima akipoteza akili na chuo kikimponyoka. Kezilahabi alipenda kuwavua watu wa cheo nguo zao. Ila sikubali kwamba hilo linageuza hesabu. Thomas ana ofisi. Ana uwezo wa kumfukuza Rosa na uwezo wa kumbakiza. Rosa akitaka kuondoka katika uhusiano ule, anaondoka na nini? Mtu mwenye ofisi hawezi kuwa mateka wa msichana asiye na kitu, hata kama moyoni anajisikia hivyo. Na maumivu yake, ambayo mwandishi anatuonyesha kwa upana, yasitufanye tusahau nani alikuwa na ufunguo. Mwisho wa Rosa mnaujua mliosoma. Anajiua. Charles, yule wa barua, alirudi akitaka kuoa, akakuta Rosa si yule aliyemtarajia.

Kwa hiyo nina mlezi mwenye cheo aliyeharibu, na mwanamke asiye na jina aliyehifadhi, ingawa hakuhifadhi vizuri. Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Charles Dickens alilijengea riwaya nzima, Great Expectations, iliyotoka kati ya 1860 na 1861. Kijana Pip anapata fedha za siri za kumsomesha. Anaamini zimetoka kwa Miss Havisham, mama tajiri anayemwalika nyumbani kwake. Miaka inapita ndipo anajua kwamba mfadhili ni Magwitch, mfungwa mtoro ambaye Pip alikutana naye makaburini akiwa mtoto, akampelekea chakula. Pip anashikwa na kinyaa. Ilibidi akue kwanza ndipo aweze kumtazama Magwitch usoni. Na Magwitch naye hakuwa malaika: alitaka kumtengeneza kijana awe bwana mkubwa, mali yake, kitu cha kujivunia mbele ya wale waliomdharau. Upendo upo, na ndani ya upendo kuna deni. Msomaji wa madesa angeandika nini hapo?

Nije nyumbani sasa, kwa sababu naulizwa haya yote yanamhusu nini mtu wa Sumbawanga anayehangaika na bei ya mbolea. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa waraka unaowaruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Kabla ya hapo mlango huo ulikuwa umefungwa, na Juni 2017 Rais wa wakati huo aliweka wazi kwamba katika utawala wake hautafunguliwa. Sawa, umefunguliwa. Lakini mtoto wa miaka 16 aliyejifungua, ambaye baba yake kule kijijini hataki hata kumsikia, harudi shule kwa waraka. Anarudi kwa sababu kuna mtu amesema njoo ulale kwangu, mtoto nitamshika asubuhi, wewe nenda. Mtu huyo ni nani katika mji wetu? Mara nyingi ni mama lishe wa stendi. Ni mwanamke anayepika komoni. Ni fundi cherehani mwenye chumba kimoja na pazia katikati. Majirani wanamsema. Wanasema anamfuga yule binti ili awe chambo cha wateja. Wanasema hamna mtu anayetoa bure siku hizi.

Na majirani wanaweza kuwa sahihi! Ndiyo maana nimesumbuka na Mama Jeni jioni nzima. Siwezi kukaa kwenye kipaza sauti nikawaambia kila mwenye kibanda ni Mwajuma. Wengine wana daftari. Binti anayefua, anayepika, anayehudumia wateja mpaka saa sita usiku, kisha anaambiwa shule utakwenda muhula ujao, na muhula ujao haufiki, huyo yuko kwa Mama Jeni hata kama nyumbani hapo hakuna kitanda cha kukodisha. Kwa upande mwingine, yuko patroni au mchungaji au mwalimu wa malezi ambaye sote tunamwamkia kwa kuinama, mwenye kumwita mwanafunzi ofisini peke yake kila Ijumaa kwa ushauri nasaha, na hakuna jirani anayenong'ona kwa sababu jina lake ni zuri. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haikuandikwa kwa ajili ya wahuni wa vichochoroni peke yao.

Turudi kwa Mwajuma. Filamu ya Vuta N'kuvute aliyoitoa Amil Shivji mwaka 2021 nimeipenda na kuichukia kwa pamoja. Nimeipenda kwa sababu Zanzibar ile ya gizani, mvua, kuta zilizochubuka, imepigwa picha kwa macho ya mtu anayeipenda. Lakini filamu ina tabu moja isiyoepukika, nayo ni uso. Kitabuni Mwajuma anaweza kusema twende dansini, na sisi tukabaki hatujui kama anamwonea huruma shoga yake au anataka tu mtu wa kutoka naye. Kwenye filamu mwigizaji lazima aseme neno lile kwa jicho fulani, na jicho likishasema, nusu ya kesi imekwisha. Nawashauri mnaofanya mtihani msianze na filamu. Ianze shaka, ndipo uje uso.

Nimebakiwa na dakika chache, na nimegundua kwamba Denge amekaa pembeni muda wote hatujamhoji. Naye ni mlezi wa namna yake. Ndiye anayemfungulia Yasmin macho juu ya ukoloni, na ndiye mtu wa kwanza anayezungumza naye kama mwenye akili. Polisi wa Mwingereza wanajaribu kumtumia msichana huyu ili wamfikie Denge, na Yasmin anajikuta katikati ya watu wazima, kila mmoja akiwa na shughuli yake. Lakini Denge mwenyewe je? Kwake nchi inatangulia, mengine yote yanafuata nyuma, na Yasmin yuko katika hayo mengine. Alimpenda, au alipata mahali pa kujificha penye mtu mzuri? Ukitumia kipimo nilichotumia kwa Mwajuma, cha nani anaweza kuondoka, utakuta kwamba hapa anayeondoka kila mara ni mwanamume, na sababu zake ni tukufu kiasi kwamba huwezi hata kumkasirikia.

Huyo tutamsikiliza wiki ijayo. Mje na kitabu, si madesa. Atakayenipinga kuhusu Mwajuma, na najua Laela na Namanyere kuna wabishi wazuri, atutumie ujumbe na ataje sura aliyoisoma, asiniambie tu kwamba mwalimu wake alisema. Fundi mitambo ananionyesha saa. Usiku mwema.